Wiki ya sita ndiyo ya kupima macho ya mtoto

Mtoto anayezaliwa leo katika kata ya Mbebe, wilayani Ileje, mkoani Songwe, anatarajiwa kliniki mara tatu kabla hajaanza hata kukaa. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mama atambeba, atachomwa sindano ya paja, atapandishwa kwenye mzani na kadi yake itajazwa. Kisha chanjo itasubiri hadi miezi 9, zamu ya surua na rubela ikifika. Hoja yangu ni kwamba ile siku ya wiki ya 6 iwe pia siku ya kupima macho, kwa tochi na rula, kwa kila mtoto bila kubagua. Uko ugonjwa wa macho wa watoto wachanga ambao dawa yake ni upasuaji, upasuaji huo upo nchini, na kinachoamua kama mtoto ataona au hataona ni umri aliokuwa nao alipofikishwa kwa mpasuaji.

Ugonjwa wenyewe ni glakoma ya kuzaliwa, ndugu wa ile ambayo wazee wetu huiita presha ya macho. Jicho hutengeneza maji yake ndani kwa ndani, na maji hayo hutokea kwenye kona nyembamba iliyo kati ya kioo cha mbele na ile duara yenye rangi. Kwa baadhi ya watoto kona hiyo haikukamilika tumboni. Maji yanaendelea kutengenezwa lakini hayana pa kutokea, presha inapanda na kuugandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Jicho la mtu mzima ni gumu, haliongezeki ukubwa. La mtoto bado ni laini, kwa hiyo linatanuka. Kioo cha mbele kinavutika, kinapasuka kwa ndani, maji yanakiingia na kinakuwa na ukungu. Mtoto anatokwa machozi, anafumba macho kwa nguvu, akitolewa juani anaugeuza uso na kuuzika kifuani kwa mama. Hapa ndipo hatari ilipo, kwa sababu jamaa wanaokuja kumwona wanamsifu kwa macho makubwa mazuri, na machozi yanadhaniwa ni mafua au vumbi. Hakuna usaha, hakuna homa, na mtoto ananyonya vizuri. Huo si uzembe wa mzazi. Mtu hawezi kuogopa kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Matone ya dawa hayatoshi. Yanasaidia kushusha presha kwa muda huku safari ikipangwa, na hata hivyo yanahitaji mkono wa daktari: brimonidini, dawa ya kawaida kwa mtu mzima mwenye glakoma, inaweza kumlegeza mtoto mchanga hadi pumzi ikakatika. Tiba ni kisu. Mwaka 1938 Otto Barkan wa San Francisco alieleza namna ya kuingiza kisu chembamba kama sindano kupitia kioo cha mbele, huku akiangalia kwa lenzi maalumu, na kuichana juujuu ile kona iliyojifunga. Upasuaji huo huitwa goniotomia, na ugonjwa ambao hadi wakati huo uliishia kwenye upofu ukapata tiba. Lakini mpasuaji lazima aione kona anayoichana. Kioo kikishakuwa na ukungu haioni, na hapo inabidi aingilie kwa nje ya jicho, kwa upasuaji uitwao trabekulotomia, ambao mara nyingine huunganishwa na kutoboa njia mpya kabisa ya maji. Kwa maneno mengine, kuchelewa kunaharibu macho, na tena kunampunguzia daktari njia za kuyaokoa. Wanaowahi, hasa ambao dalili zao zilianza miezi michache baada ya kuzaliwa, wengi wao presha inashuka. Walioshikwa mwishoni wanaweza kupasuliwa vizuri kabisa na bado wasione, kwa kuwa mshipa uliokufa haufufuki.

Tanzania si mgeni katika kazi hii. Madaktari wa hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya goniotomia kwa watoto wa Afrika Mashariki, na hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikipasua macho ya watoto kwa miaka mingi. Kuhusu ucheleweshaji, ushahidi ulio karibu zaidi ni wa ugonjwa jirani, mtoto wa jicho anayezaliwa naye mtu: utafiti uliofanyika KCMC na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto wengi walifika wakiwa wamechelewa mno, na umbali wa nyumbani ulikuwa miongoni mwa sababu. Sasa upime umbali huo ukiwa Songwe. Lami ya Mpemba hadi Isongole imeipunguzia Ileje adha ya tope, lakini kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Mama anayeambiwa asubiri aone kama machozi yatakoma, kisha aende wilayani, kisha Vwawa, kisha Mbeya, anaweza kumaliza mwaka mzima njiani bila kukutana na mtu hata mmoja anayejua kupasua jicho la mtoto.

Ndiyo maana nasema tuanzie kliniki. Muuguzi anahitaji kufanya mambo matatu: aulize kama mtoto anakimbia mwanga, aangaze tochi aone kama kioo ni angavu na macho mawili yanalingana, kisha aweke rula mbele ya jicho. Duara nyeusi ya jicho la mtoto aliyezaliwa karibuni ina upana wa milimita 10 hivi. Ikizidi 12 kabla ya mwaka mmoja, mtoto huyo hapaswi kurudi nyumbani bila barua ya rufaa. Jambo hili limeshajaribiwa. Dk. Milka Mafwiri wa Muhimbili na wenzake walichapisha mwaka 2014 majaribio ya kuingiza huduma ya macho katika kliniki za mama na mtoto za Dar es Salaam, na ujuzi wa wahudumu uliongezeka baada ya kufundishwa. Kama muuguzi wa Temeke au Ilala anafundishika, wa Ileje naye anafundishika.

Watu watasema ugonjwa huu ni wa nadra, na ni kweli. Ulaya hukadiriwa mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 20,000 wanaozaliwa. Saudi Arabia, ambako ndoa za ndugu ni nyingi, ni 1 kati ya 2,500 hivi. Mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 1.3, kwa hiyo tunazungumzia watoto wachache kwa mwaka. Lakini tochi haichagui. Mwanga uleule unaofichua ukungu wa glakoma unafichua weupe kwenye mboni, na weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho au, jambo baya zaidi, saratani ya jicho ambayo ikichelewa huua. Pia watasema wauguzi wameelemewa. Najua wameelemewa, na ndiyo sababu sipendekezi siku mpya wala daftari jipya, ila dakika moja ndani ya ziara ambayo mama ameshaifanya. Hoja iliyo nzito zaidi ni ile ya machozi: watoto wengi wachanga hutokwa machozi kwa sababu tundu la machozi limeziba tu, na rufaa zisizo na msingi zitazijaza hospitali na kuwachosha wazazi. Jibu lake ni lile la rula. Mtoto wa tundu lililoziba hutoa tongotongo, lakini hakimbii mwanga, kioo chake kinang'aa na jicho lake ni la ukubwa wa kawaida. Mwenye wasiwasi na ampeleke kwanza kwa muuguzi wa macho wa wilaya, si Dar es Salaam.

Wapo watakaotaka zaidi ya hapo, kwamba Songwe ipewe mpasuaji wake. Ninaielewa hasira iliyo nyuma ya dai hilo, maana mikoa ya pembeni imezoea kusubiri. Hata hivyo mpasuaji atakayepata watoto wachache kwa mwaka mkono wake utakuwa mzito, na mtoto wa miezi miwili anahitaji pia mtaalamu wa nusukaputi aliyezoea vifua vidogo. Afadhali wapasuaji wachache wenye kesi nyingi, na njia ya uhakika ya kuwafikia.

Njia hiyo ina nauli ndani yake, na hapa ndipo mipango mingi hukwama. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya umma ni bure kisera, lakini basi si bure, wala chakula na mahali pa kulala kwa mama aliyeacha wengine nyumbani. Tena safari si moja. Baada ya upasuaji presha inaweza kupanda tena, mtoto hulazwa usingizi ili apimwe upya, huandikiwa miwani, pengine huzibwa jicho lenye nguvu ili lile dhaifu lijifunze kuona. Uangalizi huo ni wa maisha yake yote. Kwa hiyo halmashauri ya Ileje, na nyingine za mkoa, ziweke katika bajeti fungu dogo la nauli kwa watoto wa rufaa ya macho, la kwenda na la marudio, na liwe mikononi mwa mganga mkuu wa wilaya ili lisisubiri vikao. Kwa watoto wachache kwa mwaka hizo ni fedha ambazo halmashauri yoyote inazimudu. Na mama aliyekwisha kupata mtoto mwenye ugonjwa huu aandikwe kwenye kadi, kwa sababu glakoma ya kuzaliwa inaporithiwa, mara nyingi hutoka kwa wazazi wawili wasiougua, na hapo kila mimba inayofuata ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Mtoto huyo wa pili asingoje wiki ya 6. Apimwe siku anayozaliwa, kabla mama hajaruhusiwa kutoka wodini.