786 SI BISMILLAHI

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, hapa Ngokolo tunaiona namba 786 juu ya milango ya maduka, katika vioo vya magari na hata kwenye kadi za harusi. Huko Geita wachimbaji wadogo huuziwa hirizi zenye namba kama hiyo kabla ya kushuka maduarani. Tukiuliza, tunajibiwa: "Hiyo ni Bismillahi." Sisi tunasema si Bismillahi, na ushahidi wetu wa kwanza ni hesabu yenyewe.

Katika abjad kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alif 1, ba 2, hadi ghain 1,000. Bismi ni 102, Allah 66, Ar-Rahman 329, Ar-Rahim 289. Jumla ni 786. Hesabu ni sahihi. Lakini je, jumla ndiyo maneno? Hesabuni pia huliyyu-dhahab, yaani mapambo ya dhahabu. Neno la kwanza: ha 8, lam 30, ya 10, ni 48. La pili: alif 1, lam 30, dhal 700, he 5, ba 2, ni 738. Jumla ni 786 ileile! Na ni kutokana na mapambo yao kaumu ya Musa (a.s.) walitengeneza ndama wakamwabudu, kama ilivyo katika Suratul-A'raf, aya ya 148. Basi aliyevaa 786 shingoni amebeba nini? Namba haiwezi kumjibu.

Sifa za namba hii ni za kihisabati tu. Ni 2 mara 3 mara 131. Vigawe vyake vilivyo chini yake ni 1, 2, 3, 6, 131, 262 na 393. Ukivijumlisha unapata 798, vimeizidi kwa 12. Hayo yanapendeza darasani, na sisi hatuipingi elimu ya hesabu. Bila hiyo mirathi haigawanyiki. Tunachokipinga ni kuigeuza hesabu kuwa ibada.

Wapo wasemao: "Tunaandika namba ili jina la Allah lisitupwe jalalani." Nabii Sulaiman (a.s.) alimwandikia malkia wa Sabaa, aliyekuwa akiabudu jua, akaanza kwa Bismillahi kamili. Mtume wetu (s.a.w.) alimwandikia Hiraqli, mfalme wa Warumi, naye akaanza vivyo hivyo. Je, sisi tunaliheshimu jina la Allah kuliko Mitume wake?

Ama hirizi, Mtume (s.a.w.) amezihesabu kuwa shirki katika hadithi ya Uqba bin Amir (r.a.) aliyoipokea Imam Ahmad. Kuiandika kwa tarakimu hakuibadilishi hukumu.

Enyi ndugu, ifuteni namba milangoni. Semeni Bismillahi kwa ndimi zenu mnapofungua duka na mnaposhuka duarani. Haiuzwi, na wala haihitaji kikokotoo.

Wabillahi tawfiq.