Daftari la Wapiga Kura na Mizani ya Mahakama

Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Katika masoko ya Kitale na Bungoma, na hata nje ya makanisa baada ya ibada, kuna neno ambalo wananchi hawaachi kulisema: kwamba mtu akizozana na Tume ya Uchaguzi juu ya jina lake katika daftari la wapiga kura, mahakama hutazama kwanza ni wa chama gani. Neno hilo ni zito. Sisi tuliosomea sheria hatuna ruhusa ya kulirudia pasipo ushahidi, wala hatuna ruhusa ya kulizika kwa sababu tu linawaudhi wakubwa. Wajibu wetu ni kulipima.

Shaka hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja liliwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, na ingawa ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, wananchi walikuwa wamekwisha kuona jinsi jaji awezavyo kufanywa kibarua wa siku. Kisha ukaja mfumo wa vyama vingi. Tume iliyoandaa daftari la 1992 iliongozwa na Zacchaeus Chesoni, aliyewahi kuwa jaji. Desemba 1997 huyo huyo aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu. Hatusemi kwamba marehemu aliamua kesi yoyote kwa hila. Tunasema kwamba mwenye dai dhidi ya Tume alimwona msimamizi wa daftari amekuwa mkuu wa majaji, na teuzi zote mbili zilitoka kwa Rais mmoja, ambaye naye alikuwa mgombea. Wahenga wangeiita hiyo kesi ya nyani kupelekewa ngedere.

Tena kulikuwa na kesi ambazo mlango ulifungwa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kenneth Matiba alipopinga uchaguzi wa urais wa 1992, kesi yake ilitupwa kwa kuwa hati ilitiwa sahihi na mkewe kwa niaba yake, ilhali nchi nzima ilijua kwamba alipatwa na kiharusi alipokuwa kizuizini. Mwai Kibaki alipopinga ule wa 1997, kesi yake ilitupwa mwaka 1999 kwa kuwa Rais hakukabidhiwa hati mkononi, kana kwamba mlalamishi angeweza kupita katikati ya walinzi wa Ikulu. Kesi hizo hazikuhusu daftari, lakini zilimfundisha mwananchi somo baya: kama wakubwa hawa hawakusikilizwa, mimi ni nani?

Na huku kwetu aliyehitaji kusikilizwa alikuwa mnyonge kuliko wote. Katika vita vya kikabila vya 1991 na 1992, watu wa Trans Nzoia na wa miteremko ya Mlima Elgon walifukuzwa mashambani mwao. Nyumba ziliteketea, na vitambulisho viliteketea pamoja nazo. Sheria ilimtaka mtu apige kura pale alipoandikishwa, naye hakuthubutu kurudi pale alipoandikishwa. Huyo hakushindwa kesi mahakamani, kwa maana hakufika mahakamani kamwe. Hakuwa na wakili, hakuwa na nauli, na hakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Upendeleo mkubwa kuliko wote ni ule usioacha hukumu yoyote nyuma yake.

Hata hivyo haki inatudai tuseme na upande wa pili. Novemba 1992 Mahakama Kuu ilimzuia Mwanasheria Mkuu aliyekuwa amegeuza maneno ya sheria ya uteuzi wa wagombea, siku zisizopungua 21 zikawa siku zisizozidi 21. Kwa uamuzi huo upinzani ulipata muda, na kura ikapigwa tarehe 29 Desemba. Mahakama ya Juu ilitupilia mbali kesi ya urais ya 2013, iliyogusa pia utata wa daftari. Mwaka 2017 ikabatilisha uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani, naye akawaita majaji wakora. Basi, kila aliyeshindwa amewahi kulia upendeleo. Kushindwa peke yake si ushahidi.

Ushahidi ni nini, basi? Ni mizani miwili. Ikiwa mkulima wa Endebess anakataliwa kwa kuchelewa siku moja, na mfuasi wa mwenye mamlaka anapokelewa akiwa amechelewa wiki, hapo tuna neno la kusema. Ikiwa dai la mmoja linaamuliwa kwa siku 3 na la mwingine linaahirishwa hadi kura ipite, hapo tuna neno la kusema.

Bungoma yenyewe imetupa somo. Tarehe 30 Septemba 2013 Mahakama Kuu ya Bungoma, katika kesi ya Musikari Kombo, ilibatilisha uchaguzi wa Seneta Moses Wetang'ula kwa sababu ya hongo kwa wapiga kura. Alishinda tena katika uchaguzi mdogo wa Desemba mwaka huo. Mwaka 2015 Tume ilipotaka kulifuta jina lake daftarini, Mahakama Kuu iliizuia. Wafuasi wake waliona njama. Wapinzani wake waliona mkubwa akilindwa. Lakini swali la sheria lilikuwa la kweli: Kifungu cha 83 cha Katiba kinamzuia aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi, na kuonekana na kosa katika kesi ya kupinga uchaguzi si sawa na kutiwa hatiani katika kesi ya jinai. Sisi hatuoni ubaya mtu kulindwa jina lake na mahakama. Tunachouliza ni hiki: je, mjane wa Kapsokwony, ambaye hana wakili hata mmoja, jina lake likipotea atasimamiwa kwa bidii ile ile?

Katiba ya 2010 imekwisha kumjibu. Kifungu hicho hicho cha 83 kinasema mipango ya kuandikisha wapiga kura isimnyime haki anayestahili. Kifungu cha 159 kinakataza haki kunyongwa kwa kamba ya taratibu. Na Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inampa aliyeachwa njia: apeleke dai kwa afisa msajili, akate rufaa kwa hakimu, na kwa hoja za sheria afike Mahakama Kuu. Njia ipo. Wanaoipita ni wachache.

Kwa hiyo tunawaomba wanaharakati na makanisa mambo manne. Kwanza, daftari likifunguliwa kukaguliwa, kila parokia na kila usharika upeleke watu wakatazame majina. Pili, dai liwe la maandishi, lenye tarehe, na nakala yake ibaki. Na anayekataliwa adai sababu kwa maandishi. Tatu, kiwekwe kitabu cha kumbukumbu cha kila dai linalofika mahakama za Kitale na Bungoma: lililetwa lini, lilisikilizwa lini, liliamuliwa kwa sababu gani. Kitabu hicho kitaonyesha mizani ikiwa ni miwili, na hapo malalamiko yetu kwa Tume ya Huduma za Mahakama yatakuwa na miguu. Nne, mawakili wenzetu wajitolee bila malipo kwa wasio na uwezo.

Na kitabu hicho kiandike pia pale mahakama inapotupendelea sisi. Mjane yule wa Injili alimshinda kadhi dhalimu kwa kutochoka, wala hakuomba apendelewe; aliomba haki yake. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Jina litakalokosekana siku hiyo linaweza kutafutwa leo, wakati hakimu angali na nafasi ya kutusikiliza.