Nani Alipaye Bei ya Nyati?

Hapa kwetu Bariadi kila majira ya uwindaji yafikapo husikika maneno mawili. Wengine husema, "Wageni wanamaliza wanyama wetu, wafukuzwe." Wengine hujibu, "Waacheni, wanaleta fedha." Mimi nayakataa maneno yote mawili, na leo nataka kueleza sababu.

Kwanza tutazame alipavyo mgeni. Upande wetu wa mashariki liko Pori la Akiba la Maswa, lililotengwa mwaka 1962. Kando yake, katika Wilaya ya Meatu, yako maeneo yatunzwayo na makampuni, na iko ardhi ya Makao ambayo vijiji viliitoa iwe hifadhi ya jamii. Mgeni atakaye nyati katika nchi hii hulipa ada ya kila siku akaayo kambini, ada ya mnyama, ada za vibali, na gharama ya kutengeneza pembe na ngozi mpaka zifike kwao. Safari moja hupita dola 10,000 za Kimarekani. Masharti nayo si haba: bunduki isiwe ndogo kuliko ile ya .375, asiwinde usiku, asipige akiwa garini, afuatane na mwindaji mwenye leseni na askari wa wanyamapori. Tena nyati akijeruhiwa akatowekea kichakani, mgeni hulipa kana kwamba amemwua. Haya ni masharti mema, na kila moja limeandikwa.

Sasa tutazame alipavyo mwanakijiji. Hapo mengi hayaandikwi. Nyati na tembo hutoka porini usiku wakaingia katika mtama na mahindi. Baba hulala shambani, na mwanawe pia. Mimi ni mwalimu. Asubuhi naita majina, na karibu na mavuno watoto wa vitongoji vya mpakani hawaitiki, au huitika kisha wakasinzia juu ya madaftari. Siku moja niliwapa wanafunzi wangu hesabu. Kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha shilingi 25,000 mpaka 100,000 kwa ekari, kwa kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka, wala zisihesabiwe zaidi ya ekari 5. Na kwa mtu aliyeuawa, shilingi 1,000,000. Wakazidisha, wakalinganisha na mbegu, palizi, na magunia ambayo yangalivunwa. Ndipo msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na siku ambazo sikuja shule tuziandike wapi?" Sikuwa na jibu.

Wako watakaosema kwamba nyati ni wa mwenye eneo, naye akipata fedha ni zake. Hilo si kweli. Huko Afrika ya Kusini, kwa sheria ya mwaka 1991, mwenye shamba lililozungushiwa ua wa kutosha aweza kuwa mwenye wanyama walio ndani. Kwetu sivyo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yasema kwamba wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao. Kampuni hupewa kitalu. Haimiliki nyati wa porini hata mmoja. Tena nyati hawa wana deni kwetu. Sotoka ilipoingia katika miaka ya 1890 iliua ng'ombe na nyati pamoja. Ilikomeshwa kwa kuchanja ng'ombe wa wafugaji waliokaa kandokando ya Serengeti. Na katika miaka ya 1960 wanyama wa porini wakapona pasipo wao wenyewe kuchanjwa, nyati wakaongezeka sana. Basi sindano walichomwa ng'ombe wa baba zetu, faida wakaipata nyati pia.

Nao wale watakao uwindaji ukomeshwe kabisa, nawauliza: je, ukikomeshwa, nyati ataacha kula mtama? Nchi yetu ilikwisha kuupiga marufuku mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Kenya iliufunga mwaka 1977, wala haijaufungua. Taifa lina haki ya kufunga, walakini kufunga peke yake hakumwondolei mkulima mzigo. Humwondoa tu mgeni ambaye angaliweza kuuchangia. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari," na hapo ndipo penye ugonjwa wetu.

Sehemu ya ada hizo hurudi kwa halmashauri za wilaya na kwa jumuiya za hifadhi. Je, ni wangapi kati yetu waliopata kuisikia ikisomwa? Nataka mambo matatu. La kwanza, kila mwisho wa majira isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji: nyati wangapi wamepigwa, ada kiasi gani imelipwa, kiasi gani kimefika kwetu, na kimefanya kazi gani. La pili, kando yake isomwe hesabu yetu: ekari zilizoliwa, watu walioumizwa, na siku za shule zilizopotea. La tatu, fungu la kwanza liende katika vitongoji vya mpakani, maana ndivyo vilivyotangulia kulipa. Ofisi itapakwa rangi baadaye.

Lakini tusijifanye watakatifu. Mkutano ukiitwa, wengi huenda mnadani. Tukichagua kamati, twachagua shemeji badala ya mtu ajuaye hesabu. Na vijana wetu wategao nyaya humwua nyati jike mwenye mimba, wala hawamlipi mtu ada yoyote. Mtu aibaye mali ya umma usiku atasimamaje mchana kuidai hesabu yake?

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nasi hatumkatai mgeni. Ila mwenyeji atajuaje kwamba amepona, ikiwa hajaonyeshwa daftari? Basi ninyi mjuao kusoma, mkutano ujao msikae nyumbani. Nendeni, mkae mbele, mwombe lifunguliwe.