Daftari na Daluga Si Wakewenza

Kuna msemo wa barazani hapa Mji Mkongwe ambao umenichosha: "Huyu kichwani hamna kitu, mwacheni acheze mpira." Kuna na mwenzake, wa makocha wetu viwanjani: "Mtoto ana kipaji huyu, skuli atasoma baadaye." Utadhani inapingana. Wapi! Yote miwili inaamini kwamba mguu na kichwa ni wakewenza, hawakai nyumba moja.

Haya, Leodegar Tenga tumuweke wapi? Mwaka 1980 Taifa Stars ilipokwenda Nigeria, mara yake ya kwanza kwenye fainali za Mataifa ya Afrika, nahodha alikuwa yeye. Na Tenga ni mhandisi. Baada ya kutundika daluga aliiongoza TFF kuanzia 2004 hadi 2013, na baadaye akawa mkurugenzi wa Shirikisho la Wenye Viwanda. Nchi ilirudi kwenye fainali zile mwaka 2019, miaka 39 baadaye. Sisemi shahada ndiyo iliyotupeleka Lagos. Nasema haikumzuia mtu kufika.

Mtaniambia huyo ni mmoja. Basi mtazameni Sócrates wa Brazil: alisomea udaktari huku akichezea Botafogo ya Ribeirão Preto, akahitimu, akawa nahodha wa Brazil Kombe la Dunia la 1982. Pale Corinthians, nchi ikiwa chini ya wanajeshi, yeye na wenzake walikuwa wakipiga kura kuamua mambo ya klabu yao. Hicho ni kichwa kilichofanya kazi ndani ya jezi.

"Lakini mastaa wangapi hawana hata cheti?" Wengi, najua. Ila hoja hiyo inahesabu waliofika tu. Wale waliovunjika goti wakiwa na miaka 19, skuli wameshaiacha, nani anawahesabu? Hawa tunapishana nao Darajani kila siku.

Na hata aliyefika, mpira wenyewe siku hizi ni karatasi. Mwishoni mwa 2022 kijana wetu Feisal Salum, Fei Toto, alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga. TFF ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ukaburuzwa mpaka katikati ya 2023, ndipo akaenda Azam. Nani alikuwa na haki, mimi si hakimu. Ninachokiona ni kwamba miezi ile iliamuliwa na vifungu vya mkataba, si chenga. Kijana anayevuka bahari kwenda Dar bila kuweza kusoma vifungu hivyo tunampeleka vitani na mikono mitupu.

Sisi watu wa vitabu nasi tusijifanye hatumo. Shafi Adam Shafi aliwaandika makuli wa bandarini kwenye *Kuli*, tukawaona kuwa ni watu wenye akili na msimamo. Mchezaji tumemwachia kurasa za michezo, magoli na bei basi. Riwaya yake iko wapi?

Kwa hiyo, kocha, kabla hujampanga mtoto, uliza ripoti yake ya skuli. Mzazi, usimfichie viatu ukadhani umemfundisha hesabu. Na wewe unayeandika, kaa chini uandike.