Mpira wa Ireland usio na mshahara

Julai 2025, katika fainali ya taifa ya mpira wa Kigaeli, kaunti ya Kerry iliifunga kaunti ya Donegal 1-26 kwa 0-19. Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi, na kila goli lina thamani ya pointi 3. Kerry basi ilipata 29, Donegal 19.

Lango lina umbo la herufi H. Mpira ukitinga nyavuni ni goli. Ukipita juu ya mwamba, katikati ya milingoti, ni pointi. Tangu mwaka huo wa 2025, mkwaju unaopita juu ukitokea nje ya tao lililochorwa mita 40 kutoka langoni hupewa pointi 2. Wachezaji ni 15 kila upande, na mikono inaruhusiwa kudaka na kupasia kwa ngumi au kiganja, ila si kurusha.

Kazi ipo kwenye kukimbia na mpira. Baada ya hatua nne mchezaji lazima audundishe, au auangushe mguuni na kuupiga kwa vidole urudi mikononi. Kuudundisha mara mbili mfululizo ni kosa. Aliyekulia kwenye soka huusukuma mbele, ukamtoroka. Inambidi ainue vidole ili mpira umrudie. Aanze akitembea, kwa mguu mmoja, mpaka azoee.

Lakini sheria si kiini cha mchezo huu. Chama chake kiliasisiwa Thurles tarehe 1 Novemba 1884, na hadi leo wachezaji hawalipwi mshahara, ingawa uwanja wa Croke Park jijini Dublin huchukua watazamaji zaidi ya 82,000. David Clifford, nyota wa Kerry, ni mwalimu, na klabu yake ni ya kwao, Fossa.

Wapo wanaouita utaratibu huo wa kutolipa unyonyaji, na hoja yao ina uzito: mazoezi ya timu za kaunti ni makali kama ya wanaolipwa. Hata hivyo, mshahara ungeleta soko la wachezaji, na soko lingemtoa kijana wa Fossa kwao kabla majirani hawajamfaidi. Waireland wako sahihi kuukataa.

Klabu za mchezo huu zipo pia London, Dubai na Muscat, mahali wanapoishi Waswahili wengi. Wazazi walioko huko wawapeleke watoto wao, wa kike na wa kiume, wakajaribu.