Barua kwa Ndugu wa Hanga Juu ya Ukuta na Rukhsa Yake

Augsburg, Ujerumani

Kwa ndugu zangu, wakwe zangu na majirani wote wa Hanga,

Baada ya kuwaarifu kwamba mimi ni mzima ijapokuwa baridi ya huku hadi leo haijanizoea, napenda kuwaandikia jambo ambalo lingeweza kusemwa kwa simu kwa dakika tano. Lakini ya simu aghalabu hupotea pamoja na vocha yake, nami nataka hili lisomwe barazani, wazee wakiwapo, mwenyekiti wa kijiji akiwapo, na bibi jirani yetu akiwa amepewa kiti cha mbele.

Mnaujua mtelemko ulio nyuma ya nyumba ya marehemu baba. Mwaka jana, mwezi wa Machi, mvua za kifuku zilipopamba, udongo wa kwetu uliporomoka ukaingia katika jiko la bibi yule aishiye chini yetu, ukafunika mafiga na chungu cha maharage kilichokuwa motoni. Naye, kwa ustahimilivu wa watu wa zamani, hakwenda kushitaki popote, bali aliuzoa kwa karai muda wa siku mbili, kisha akanitumia salamu kwamba nisiwe na wasiwasi, mvua ni ya Mungu. Salamu zile ndizo zilizoninyima usingizi, maana lau angalinitukana ningalipata la kujibu.

Basi nikapeleka fedha za ukuta wa kuzuia udongo. Haikupita juma moja, mjomba akaniletea picha ya tripu mbili za mawe zilizokwisha kumwagwa uani, na nyuma yake sauti ya fundi akinihimiza nitume fedha za saruji, ukuta utasimama kwa wiki mbili. Nilipomwuliza habari za idhini alicheka, akasema, "Tajiri, kibali ni mambo ya mjini, huku kijijini mtu hujenga kwake." Nami nasema, kwa taadhima yote ninayomwekea fundi yule, aliyejifunza uashi kwa watawa wa abasia ya hapo Hanga na ambaye mkono wake nauamini kuliko wangu, ya kwamba neno lake ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayotutia hasarani.

Kweli yake ni kwamba kibali cha ujenzi tukijuacho, kile cha kupeleka halmashauri michoro na uthibitisho wa umiliki, kulipa ada, na kungoja makaratasi yapite kwa afisa mipangomiji, mhandisi, afisa ardhi na afisa afya, kimefungamana na maeneo ya upangaji yanayotajwa katika Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007. Na Hanga yetu, ambayo wengi wetu tungali tukiiita ya Songea ijapokuwa siku hizi iko Wilaya ya Namtumbo, watu wake wengi wanakaa juu ya ardhi ya kijiji. Lakini ardhi ya kijiji haikukosa msimamizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji dhamana ya kuisimamia kama mdhamini asimamiavyo mali ya wengine, nayo hujibu mbele ya mkutano mkuu. Basi mtu akataye mlima na kuugeuza mkondo wa maji bila ya kumwambia hata mwenyekiti wa kitongoji, kisha akadai kwamba yuko kwake, huyo ameifanya mali ya amana kuwa kiwanja cha peke yake.

Tena kuna kijito kipitacho karibu na mtelemko ule. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu chake cha 57, imekataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ziwezazo kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na asemaye kwamba kile chetu si mto bali ni mfereji tu, na angoje mwezi wa Februari akajaribu kukivuka na mtungi kichwani. Namwomba mjomba achukue kamba, apime kutoka ukingoni kwa hatua za watu wawili wanaoshuhudiana, na kama mguu wa ukuta utaangukia ndani ya mita hizo, ukuta na upande juu, hata ikitubidi kuupoteza mchungwa wa baba. Wale wa kando ya barabara kuu wana hesabu yao nyingine, mita 30 kutoka katikati ya njia kila upande, nao wameshaona nyumba zikipigwa alama ya X nyekundu. Sina haja ya kuwakumbusha.

Sasa niseme kwa nini ukuta huu si kama ukuta wa chumba. Mfaransa mmoja, Charles-Augustin de Coulomb, aliyekuwa mhandisi wa jeshi na aliyekwisha kujenga ngome katika kisiwa cha Martinique, alisoma mbele ya wanazuoni wa Paris mwaka 1773 hesabu ya jinsi udongo unavyousukuma ukuta, na mpaka leo wahandisi huanzia kwake. Faida yake kwetu ni hii: ukiuzidisha ukuta kimo mara mbili, msukumo wa udongo hauzidi mara mbili bali mara nne, na nguvu ya kuupindua huzidi mara nane. Fundi aliyejenga kingo ya mita moja ikasimama miaka 20, akaombwa ya mita mbili akaijenga kwa unene ule ule, ameanza kazi nyingine kabisa ilhali anadhani ni ile ile. Ukuta wa mawe unaosimama kwa uzito wake hutaka kitako kisichopungua nusu ya kimo chake, tena ulalie mlima kidogo. Na nyuma yake yajazwe mawe madogo na kokoto, si udongo wa mfinyanzi uliochimbwa hapo hapo na kurudishwa kwa koleo kwa sababu kokoto ni ghali.

Lakini adui mkubwa ni maji. Udongo ulioshiba maji, ukiwa hauna pa kuyatolea, huongezewa msukumo wa maji yenyewe, na kuta nyingi zinazoanguka usiku wa mvua huangushwa na hayo. Kwa hiyo fundi mwenye akili huacha matundu chini ya ukuta, kila baada ya mita moja na nusu au mbili, maji yapate kupumua. Vema. Na yakishapumua yaende wapi? Nilipofika hapo katika fikra zangu ndipo nilipoiweka chini kalamu, maana nikaona waziwazi kwamba ukuta ule niliotaka kuujenga kwa huruma ya jiko la bibi, ungaliyakusanya maji yote ya mlima na kuyatema, kwa matundu sita yaliyopangwa vizuri, mlangoni pake. Ni katika jambo hili kwamba rukhsa ya mtu wa chini hutangulia rukhsa ya mtu wa ofisini, kwa kuwa yeye ndiye atakayepokea.

Historia yetu wenyewe ina ushahidi wa pande zote mbili, wa ofisi na wa ridhaa ya watu. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni ilianza mwaka 1950 mpango wa kuwashurutisha watu wachimbe matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Amri ilikuwapo na muhuri ulikuwapo, ila ridhaa haikuwapo, na matuta yenyewe yalifukua udongo usio na rutuba, hata mwezi wa Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukafa. Upande wa pili, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasua kingo zake za udongo likaua watu zaidi ya 40 waliokuwa wakikaa chini yake, na mamlaka za nchi zikasema kwamba halikuwa na kibali. Huku amri bila ya ridhaa, kule si kibali si ridhaa. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta walioweza: jirani zetu Wamatengo wa Mbinga, katika milima mikali kuliko yetu, hulaza majani waliyofyeka kwa mistari ya kukatana, wakayafukia kwa udongo, wakabakiza mashimo ya ngoro mfano wa sega la nyuki, kila shimo likashika maji yake lisimmwagie wa chini.

Msidhani nayasema haya kwa sababu ya kuishi Ulaya. Huku Bavaria, nchi walikotoka watawa wa St. Ottilien waliofika Peramiho mwaka 1898, hiyo Peramiho iliyokuja kuizaa nyumba ya watawa ya Hanga mwaka 1957, nilimwona mwenye nyumba wangu akijenga ukuta wa kuzuia bustani yake, nami nikatarajia mafaili. Hayakuwapo. Sheria ya ujenzi ya jimbo hili husema kwamba ukuta usiozidi mita 2, ukiwa ndani ya makazi, hauombewi kibali. Ila kutoombewa kibali hakumtoi mtu katika sheria nyingine, na ukimdhuru jirani utajibu. Uzidipo hapo, ndipo michoro huletwa, na kabla ya kupelekwa huonyeshwa majirani, nao wakikubali hutia saini. Saini ya jirani juu ya mchoro! Ndilo jambo moja la huku ambalo ningelipenda kulifunga katika sanduku nikaja nalo nyumbani.

Maana huko kwetu nasi tuna kosa la pili, la ofisini. Mwenzangu mmoja, katika mji ambao sitautaja, alitaka kujenga kingo ya kimo cha kiuno, akadaiwa michoro ya msanifu na ya mhandisi kama ajengaye ghorofa, akaenda na kurudi miezi minne, mwisho akajenga usiku. Simsifu, lakini ofisi isiyopambanua kiuno na ghorofa huwafundisha watu wema kujenga usiku.

Kwa hiyo naomba hivi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 imeiruhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, watu wakiisha kushauriwa na halmashauri ya wilaya ikiisha kuridhia. Na itungwe moja, fupi: ukuta usiofika mita moja, jirani wa chini na wa kando wakubali mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, yaishe; wa mita moja hadi mbili, mtendaji wa kijiji aandike, fundi atajwe jina, na njia ya maji ichorwe japo kwa mkono; upitao mita mbili, mhandisi wa halmashauri aje auone mtelemko kwa macho yake, asiuone katika karatasi tu. Mheshimiwa diwani akiona urefu huo haufai, aubadili, mradi uwe na mpaka.

Nasi tulio ughaibuni tuna dhima yetu. Sisi ndio tunaotuma fedha leo tukataka picha kesho, sisi ndio tunaomfanya fundi akimbie. Mtelemko hauonekani katika picha ya simu, na bibi hayumo katika picha. Namwomba radhi fundi kwa haraka niliyomtia.

Fedha za saruji ziko kwa mama mdogo, naye ameagizwa asizitoe mpaka bibi awe ameuona mchoro, ameonyeshwa mfereji utakaoyapeleka maji pembeni ya jiko lake, na ameweka saini au dole gumba. Akikataa, yale mawe tripu mbili wapewe watu wa kisima cha kijiji. Kifuku huanza Novemba. Mkutano ufanyike kabla ya hapo.

Wasalaam, ndugu yenu.