Ngome ya Simbamwene na Mji Uliosahau Kuta Zake

Katika madarasa ninayofundisha hapa Morogoro, mwanafunzi akiulizwa kuhusu ngome za kale aghalabu hutaja Ngome ya Yesu ya Mombasa, magofu ya Kilwa Kisiwani, au majumba ya wafalme wa Ulaya aliyoyaona katika filamu. Ni nadra mno kumsikia akitaja ngome iliyosimama katika bonde hili hili, chini ya milima ya Uluguru, ambayo ndiyo chimbuko la mji anaoishi. Sidhani kwamba kosa ni la mwanafunzi. Hajafundishwa, na hakuna kitu mjini kinachomkumbusha.

Ngome hiyo aliijenga Kisabengo, katikati ya karne ya 19. Henry Morton Stanley, aliyepita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliandika kwamba Kisabengo hakuwa mtoto wa ukoo mkubwa. Alikuwa mtu wa nguvu na ulimi mwepesi, akakubaliwa na watumwa waliotoroka kuwa kiongozi wao, akaikimbia adhabu ya Sultani wa Zanzibar, kisha akawanyang'anya Wakami bonde lenye rutuba. Hapo akajenga mji uitwao Simbamwene, mto ukipita karibu kabisa na kuta zake.

Stanley, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu Waafrika, alikiri kuwa mji ule ulimshangaza. Aliona kuta za mawe zenye safu mbili za matundu ya kupitishia bunduki, mnara katika kila pembe, na malango manne yaliyoelekea pande nne za dunia, yenye milango ya mbao ngumu iliyonakshiwa. Alikadiria wakazi kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Wakati huo Kisabengo alikwisha kufariki, naye mtawala alikuwa binti yake mkubwa, aliyerithi kiti pamoja na jina la mji. Simbamwene huyo alituma wajumbe kumdai Stanley hongo kama alivyodaiwa kila mwenye msafara. Huo ulikuwa utawala kamili, wenye mipaka, kodi na ulinzi, na aliyeuongoza alikuwa mwanamke.

Mwaka uliofuata, 1872, mvua kubwa zilishuka. Ni msimu ule ule ambao kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Stanley aliporudi alikuta mafuriko yamechukua ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba zipatazo hamsini. Baadaye Wajerumani walikuja, wakajenga boma lao, na kitovu cha mamlaka kikahama. Leo tuna kata iitwayo Boma, na jina hilo halihitaji kuelezwa kwa mkazi yeyote. Kila wikiendi vijana na wageni hupanda mlimani hadi Morningside kupiga picha penye jengo la enzi ya Mjerumani. Wakiwa kule juu hulitazama bonde zima, wala hakuna anayewaambia kwamba wanautazama mji wa Simbamwene.

Kwa nini kimoja kikumbukwe na kingine kisahaulike? Jibu jepesi ni kwamba mafuriko yalibomoa ukuta. Jibu hilo halitoshi. Ngome nyingi tunazoziheshimu leo zimesalia kwa sababu kila utawala ulizipa kazi. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, iligeuzwa gereza mwaka 1895 na ikabaki hivyo hadi 1958. Makumbusho yalifuata miaka miwili baadaye. Ngome Kongwe ya Unguja imepitia kazi nyingi, na sasa ni uwanja wa matamasha. Boma la Iringa lilikuwa ofisi za serikali kabla ya kuwa makumbusho mwaka 2016. Kwa maneno mengine, dola huhifadhi kwanza kile inachokitumia, na dola ya kikoloni haikuwa na matumizi yoyote kwa ngome ya mtawala Mwafrika.

Hata hivyo, kubomoka si lazima kuwe mwisho. Wajerumani waliivunja ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894. Lakini Wahehe hawakuacha kuitaja, fuvu lake likarudishwa mwaka 1954, na leo mwanafunzi anayefika Kalenga hukuta makumbusho. Huko Ujerumani kwenyewe, ngome ya Wartburg, iliyo juu ya kilima mjini Eisenach na ambayo chimbuko lake hutajwa kuwa mwaka 1067, ilikuwa imechakaa vibaya kabla ya kukarabatiwa katika karne ya 19. Waliifufua kwa kuwa walitaka taifa lao liwe na mahali pa kujitazama. Kama wao walivyoamua, nasi tunaweza kuamua.

Najua hoja mbili zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba Kisabengo alikuwa mnyang'anyi na mteka watu, hivyo hastahili kuenziwa. Ni kweli, Stanley mwenyewe alimwita hivyo, na haitupasi kumpaka rangi ya ushujaa mtu aliyeishi kwa kuwateka wengine. Lakini kukumbuka si kuenzi. Kiongozi wa watumwa waliotoroka ambaye naye aligeuka kuwa mteka watu ni somo zito la siasa kuliko shujaa asiye na doa. Wanaharakati wanaojiuliza kwa nini wakombozi hugeuka watesi wana mfano wao hapa hapa.

Hoja ya pili ni fedha. Mji una upungufu wa madarasa, na watu wanalalamikia maji na barabara. Nani atatenga fungu kwa ukuta usioonekana? Nami siombi ukuta ujengwe upya. Naomba mambo matatu yasiyohitaji mradi wa wafadhili. Kwanza, wataalamu wa akiolojia washirikiane na manispaa kubainisha mipaka ya mji wa kale, ili anayechimba msingi wa nyumba ajue anachimba wapi. Pili, vyuo vikuu vilivyopo Morogoro viwatume wanafunzi kukusanya simulizi za wazee wa Kiluguru, Kikami na Kizigua, maana hadi sasa tunaisimulia ngome yetu kwa kinywa cha mgeni. Tatu, shule zetu zifundishe habari za Simbamwene kama zinavyofundisha habari za Mkwawa.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa watakumbuka kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na ngome za kabla ya mwaka 1886. Yaliyojengwa baadaye yanasubiri tangazo la Waziri. Ngome ya Kisabengo iko ndani ya mstari huo, lakini hata jambo lililo ndani ya sheria hupotea endapo hakuna ofisa wa kulisimamia. Halihitaji sheria mpya. Linahitaji mtu wa kufungua jalada.

Kila nyumba inayoongezeka bondeni inapunguza uwezekano wa kujua, na kila mzee anayezikwa anaondoka na sehemu ya simulizi. Mafuriko ya 1872 yalichukua ukuta mmoja. Tukiendelea kunyamaza, kilichosalia tutakuwa tumekifukia sisi wenyewe.